UZI: Lisianthasi, ua la buluu kutoka mbuga za Texas. Udongo, mbegu, na miche inayogoma kurefuka

KitaluBaridi (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya lisianthasi yametapakaa kwenye nyuzi za waridi na kanesheni, na majibu yake yanazama. Tuyakusanye hapa.

Wengi tunalijua ua hili likiwa limeshafungwa kwenye karatasi: jeupe au la pinki, petali nyingi, kwa mbali utadhani ni waridi lisilo na miiba. Naomba tuanze na mmea wenyewe wa porini, ule wa buluu. Karibu kila tatizo linaloletwa hapa jukwaani, kuanzia miche iliyogoma hadi shina linalooza chini, linafunguka ukijua mmea huu kwao unaishi vipi.

Jina la kitaalamu ni Eustoma exaltatum, nususpishi russellianum. Vitabu vya zamani vinauita Eustoma grandiflorum au Lisianthus russellianus, na hilo la mwisho ndilo lililotuachia jina la biashara. Ni wa jamii ya jentiani. Kwao ni preri, zile mbuga kubwa za nyasi za katikati ya Amerika Kaskazini: Nebraska na Colorado, ukishuka Kansas na Oklahoma, hadi Texas, New Mexico na kaskazini mwa Meksiko. Watu wa Texas wanaliita kengele ya buluu, na kampuni ya aiskrimu ya Blue Bell ya mji wa Brenham ilichukua jina lake kutoka kwa ua hili mwaka 1930.

Shina husimama sentimita 30 hadi 60. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, hayana kikonyo, yamelikumbatia shina, na yana nta inayoyapa rangi ya kijani iliyopauka kuelekea buluu. Ua ni kikombe cha petali 5, mara chache 6 au 7, upana wake sentimita 5 hadi 7. Rangi ni buluu inayoelekea zambarau, na ndani kabisa kuna doa la zambarau iliyokolea lililozizunguka stameni (viungo vya kiume) za njano. Stameni humwaga chavua kwanza, stigma (kiungo cha kike) hufunua ndimi zake mbili baadaye, kwa hiyo ua moja halijichavushi kirahisi, linahitaji nyuki.

Wajapani waliichukua mbegu hii miaka ya 1930 na kuanza kuichagua na kuizalisha. Petali nyingi, rangi nyeupe, pinki na kijani, vyote ni kazi ya mikono yao kwa sehemu kubwa. Lakini tabia ya mmea haikubadilika sana, na hapo ndipo wakulima tunaumia.

NyasiNdefu_TX

Asante mkuu kwa kuanzia porini. Naongezea kuhusu mahali penyewe, maana picha za mtandaoni zinadanganya. Mtu anaona mbuga, jua kali, anga la Texas, anadhani huu ni mmea wa ukame. Sivyo.

Utaukuta kwenye mabonde ya mbuga yanayoshika unyevu, kingo za mabwawa na vijito, mitaro ya kando ya barabara. Udongo mara nyingi ni mfinyanzi mzito wenye chokaa nyingi chini yake. Juu jua saa zote, hakuna mti unaoufunika. Kwa hiyo: kichwa juani, mizizi kwenye unyevu, chokaa ardhini. Shikeni hayo matatu.

La nne ni kalenda yake. Mbegu hudondoka mwisho wa kiangazi cha kule, Agosti na Septemba. Mvua za vuli zikija na joto likishuka, zinaota. Mche hukaa chini msimu wote wa baridi, majani yamelala duara juu ya udongo kama kabichi changa, huku mzizi ukienda chini. Majira ya kuchipua yakifika ndipo shina linapanda, na maua hufunguka kuanzia Juni. Baada ya mbegu mimea mingi hufa. Baadhi hurudi mwaka wa pili au wa tatu.

Yaani utoto wake wote ni wa baridi. Mkumbuke hilo mtu akija kuuliza kwa nini mche wake umegoma.

Mama_Bustani_Tanga

Kaka NyasiNdefu umenigusa. Ndilo swali lenyewe. Miche ina miezi mitano, majani mazuri, mapana, kijani safi, hakuna ugonjwa, lakini imelala chini haipandi. Nimeongeza mbolea, ikaongeza majani tu.

MtunzaTrei

Dada, pole. Mbolea haitasaidia, hebu iache kwanza. Hiyo miche imegoma, na sababu ni joto la wiki za mwanzo.

Mche wa lisianthasi una kipindi ambacho unasikiliza hali ya hewa: kuanzia mbegu inaponyonya maji hadi jozi ya tatu au ya nne ya majani. Katika kipindi hicho mchana ukizidi nyuzi 28 mara kwa mara, na usiku ukawa wa joto, juu ya nyuzi 20, mmea hujihesabu kwamba uko kiangazi kwao na majira ya kupanda shina yameshapita. Unajifunga, unakaa chini ukisubiri baridi. Ukishajifunga, huufungui kwa maji wala kwa samadi.

Tanga, usiku wa nyuzi 23 au 24 ni jambo la kawaida, na mchana 31. Hapo mbegu itaota vizuri kabisa, na hilo ndilo linalopotosha watu: kuota si tatizo, tatizo linakuja baadaye.

Njia za kuufungua: uweke nyuzi 10 hadi 15 kwa wiki 4 au 5. Ukiwa na ndugu Lushoto juu milimani, hamishia trei huko. Asidi ya jibereliki, homoni ya ukuaji wa mimea, nayo hulirefusha shina, ila hutoka jembamba, legevu, linalolala kwenye wavu wa kushikilia mashina, na kwa mche wa miezi mitano ambao mizizi imeshajizungusha ndani ya tundu, mimi singepoteza fedha. Anza upya na miche iliyokuzwa mahali pa baridi.

Sasa hatua za kitaluni, kwa yeyote anayetaka kuanza na mbegu.

Mbegu ni vumbi. Gramu moja ina karibu mbegu 20,000. Ndiyo maana zinauzwa zikiwa zimevikwa udongo laini kama kidonge. Trei ya matundu 200 au 288, kidonge kimoja kila tundu. Mchanganyiko: pitimosi (mboji ya mimea ya kinamasi) iliyorekebishwa kwa chokaa hadi pH 6.2 au 6.5, pamoja na perlaiti au pumisi ndogo (punje za mawe mepesi yenye matundu), robo ya ujazo. Ukitumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), ioshe hadi chumvi ishuke, usiamini maneno ya mfuko.

USIFUNIKE MBEGU. Inataka mwanga ili iote. Kiweke kidonge juu, nyunyiza matone laini mpaka kipasuke na kuyeyuka. Kosa linaloua miche mingi kuliko yote liko hapa: kidonge kinalowa, kinapasuka, halafu mchana kinakauka tena na kuwa kigumu. Mche ulioko ndani unabanwa na kufa, na mkulima analaumu mbegu. Siku 14 za kwanza uso wa trei usikauke hata saa moja, lakini pia usiogelee.

Joto la kuotea ni nyuzi 20 hadi 24, siku 10 hadi 14. Zikishaota, shusha: mchana usizidi 24 au 25, usiku 14 hadi 18. Majani mawili ya mbegu yakifunguka, anza kulisha kwa kalsiamu naitreti, naitrojeni miligramu 50 kwa lita, mara moja kwa wiki, baadaye 75 hadi 100. Epuka mbolea zenye amonia nyingi.

Wiki 8 hadi 10 mche una jozi mbili za majani halisi na mzizi umeshika tundu. Panda hapo hapo. Mche uliochelewa kwenye trei mizizi inajikunja, na mmea huo hautakuwa na shina la maana hata uutunze vipi.

KitaluBaridi

Niongeze moja ambalo Wajapani wamelifanyia kazi sana. Mbegu ikishanyonya maji, kabla ya kuota, trei zinawekwa kwenye chumba cha baridi, nyuzi 10, gizani, kama wiki 5. Baada ya hapo zinatolewa kuota kawaida. Miche iliyopitia hivyo huvumilia joto vizuri zaidi na asilimia ya inayogoma hupungua sana. Ni kama kumpa mtoto baridi ya kwao kabla hajazaliwa. Mwenye chumba cha baridi cha maua tayari anacho kifaa. Anachohitaji ni kuzifunga trei kwa nailoni zisikauke.

Mama_Bustani_Tanga

Nimeelewa. Basi swali: nikinunua miche iliyokuzwa milimani nikaipanda huku Pwani, itagoma tena?

MtunzaTrei

Haitagoma ikiwa imeshavuka jozi ya nne na shina limeanza kuonekana. Kuanzia hapo joto haliufungi, bali linauharakisha. Shina litatoka fupi, maua machache, na rangi ya buluu itapauka. Kwa chungu au bustani ya nyumbani inatosha. Kwa kuuza mashina marefu, Pwani usijaribu.

Ipe kivuli cha wavu cha asilimia 30 saa za adhuhuri, siyo zaidi. Ukizidisha kivuli, mashina yanalegea.

Fundi_Udongo

Naomba nafasi kwa upande wangu. NyasiNdefu amesema chokaa ardhini. Hapa kwetu watu wanapita juu juu.

Udongo mwekundu wa Limuru, Tigoni, Kiambu ya juu, Njombe, ule unaozaa chai, ni wa tindikali. pH 5 au chini. Chai inafurahia, lisianthasi inateseka. Mmea huu unataka pH 6.5 hadi 7.0, na unavumilia hata juu kidogo. Ikishuka chini ya 6, zinki na manganizi huyeyuka kupita kiasi na mmea unavinyonya mpaka vinakuwa sumu. Dalili: kingo za majani ya chini zinakuwa za njano, mmea unadumaa, mizizi mifupi. Watu wanaona njano, wanamwagia mbolea ya majani yenye zinki. Mnaongeza sumu juu ya sumu.

Pima kwanza. Kama pH ni 5.2 au 5.3 na udongo ni mfinyanzi, anza na gramu 300 za chokaa ya kilimo kwa mita ya mraba, ichanganye hadi sentimita 25, mwagia, ngoja wiki 6, pima tena. Haijafika? Ongeza nusu ya kiasi hicho. Magineziamu ikiwa ndogo tumia dolomaiti, chokaa yenye magineziamu. Usitupe chokaa yote siku moja kabla ya kupanda. Haijafanya kazi bado, na ikishikana mabonge inaunguza mizizi.

Na chokaa si suala la pH pekee. Kalsiamu ikipungua, ncha za majani machanga na za kikombe cha ua zinaungua, zinakuwa kahawia. Hii hutokea hata udongo ukiwa na kalsiamu ya kutosha, pale mmea unapokua haraka na hewa ya bandani imetuama yenye unyevu mwingi: majani hayapumui, maji hayapandi, kalsiamu inabaki chini. Fungua pazia za pembeni asubuhi mapema. Hewa ikitembea, tatizo linapungua bila kununua kitu.

Shina60

Fundi, mimi nilikuwa na hoja ya maji. Kama kwao ni ukingo wa bwawa, mbona huku mizizi inaoza ukiumwagilia sana?

Fundi_Udongo

Swali zuri sana mkuu. Ukingo wa bwawa si ndani ya bwawa. Maji yako chini, mzizi unayafuata, shingo ya mmea iko juani na upepo unaipiga. Sisi tunafanya kinyume: tunamwaga juu, shingo inalowa, chini ya tuta kukavu.

Tuta liinuke sentimita 20 hadi 25. Mche upandwe uso wa donge lake ukiwa sawa na udongo au umechomoza kidogo. Ukifukia shingo umeshauzika mmea. Wiki mbili za kwanza mwagia juu kidogo kidogo, kwa sababu donge la pitimosi hukauka haraka kuliko udongo unaolizunguka na mche unaweza kufa kiu katikati ya tuta lililolowa. Baada ya hapo hamia kwenye mabomba ya matone na umwagilie kwa kina, asubuhi. Matumba yakionekana, punguza.

Na kuweni wavumilivu. Wiki nne za kwanza mmea unajenga mzizi, juu huoni kitu. Wengi wanaharibu hapo kwa naitrojeni.

NyasiNdefu_TX

Hapo kwenye uvumilivu nakazia. Mzizi mkuu ni mrefu, na hautaki kusumbuliwa. Kuhamisha mmea mkubwa kutoka porini kwenda bustanini ni kuuua tu. Nimeona watu wanauliza hilo kila mwaka. Jibu ni hapana.

Kijana_wa_Naivasha

Wadau, msaada wa haraka. Mimea iko wiki ya 9, mchana inanyauka, jioni inasimama, kesho yake inanyauka zaidi. Sehemu sehemu tu, siyo tuta zima.

KitaluBaridi

Ng'oa mmoja unaonyauka na mmoja wa jirani ulio mzima, uoshe mizizi, utuambie. Ukivuta mzizi ngozi ikachubuka na kubaki uzi mweupe katikati, hiyo ni Pythium, kimelea kinachoozesha mizizi: maji yametuama mifereji, angalia kama sehemu hizo ndizo za chini. Mizizi ikiwa na afya kiasi lakini shingo ya shina ni ya kahawia, na juu yake kuna unga wa rangi ya chungwa au pinki, hiyo ni fuzari, ugonjwa wa kuvu, na hapo hakuna dawa itakayourudisha mmea.

Kijana_wa_Naivasha

Ni shingo. Unga wa chungwa upo kwenye mimea miwili.

KitaluBaridi

Basi ndugu yangu fanya leo, usingoje kesho. Ng'oa yote iliyonyauka pamoja na udongo wake, na jirani zake wa kila upande. Weka kwenye mfuko papo hapo, usiiburute kwenye njia. Choma. Wafanyakazi waanze kazi kwenye matuta mazima, wamalizie hapo. Kisu cha kuvunia kioshwe kila tuta.

Halafu tazama vile vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka chini ya majani kwenye unyevu. Funza wake hutafuna shingo na mzizi, wanafungua mlango wa fuzari, na wakubwa wanabeba mbegu za kuvu kutoka mmea hadi mmea. Kadi za njano za gundi ziwekwe chini, usawa wa udongo, siyo juu. Ukoga wa kijani kwenye uso wa tuta uondoe, ndiko wanakozaliana.

Msimu ujao usipande lisianthasi juu ya lisianthasi bila kutibu udongo. Mvuke ndio wa uhakika: nyuzi 70 kwa nusu saa mpaka kina cha sentimita 25. Kufunika nailoni angavu na kuacha jua lichome wiki 6 kunafanya kazi nyanda za chini zenye joto. Naivasha na Limuru usiku ni wa baridi mno, usitegemee hilo peke yake.

Shina60

Kuhusu upandaji na uvunaji, kwa ufupi. Nafasi sentimita 10 kwa 15. Wavu mmoja wa kushikilia mashina, uinuliwe kadiri mimea inavyopanda. Kutoka kupanda hadi kuvuna ni wiki 12 hadi 16 kutegemea baridi na kundi la mbegu.

Makundi yanachanganya watu. Katalogi zinagawa 1 hadi 4. Kundi la 1 linachanua mapema hata mwanga ukiwa hafifu, la 4 linataka mwanga mkali na joto. Kwetu karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki, kwa hiyo tazama mawingu na baridi. Mimea itakayorefuka kwenye mawingu ya Juni hadi Agosti ipewe kundi la 1 au la 2. Itakayorefuka Januari na Februari ipewe la 3. Ukipanda la 1 kwenye jua kali la Januari, litachanua likiwa na sentimita 35, na hakuna mnunuzi wa shina hilo.

Ua la kwanza la juu kabisa hutangulia mengine kwa siku nyingi. Litoe likiwa bado tumba, mengine yatafunguka pamoja. Vuna ua moja au mawili yakiwa yamefunguka na matumba mengine yameshaonyesha rangi. Tumba la kijani halitafunguka kwenye chombo. Vuna asubuhi, tia kwenye maji safi mara moja, chumba cha nyuzi 3 hadi 5. Maji yenye sukari na dawa ya kuzuia bakteria yanafanya matumba yafunguke na buluu ikolee. Likitunzwa hivyo hukaa siku 14.

Na usivune wala kufungasha petali zikiwa na umande. Ukungu wa kijivu utaanzia ndani ya boksi.

Dada_wa_Dallas

Habari zenu wapendwa. Mimi sina banda, nina uwanja nyuma ya nyumba huku Texas, mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Nataka ile ya porini, ya buluu ya petali tano.

NyasiNdefu_TX

Dada, una udongo wenyewe kabisa, usiubadilishe. Panda Oktoba. Nyasi zikate ziwe fupi kabisa, kisha zikwangue mpaka udongo uonekane angalau nusu ya eneo. Chukua nusu gramu ya mbegu isiyovikwa, ichanganye na vikombe vinne vya mchanga mkavu ili uione inapoangukia, tawanya kwenye mita 10 za mraba. Usifukie, usichimbe. Kanyaga kwa mguu au ubao. Mwagia laini kila siku kwa wiki tatu kama mvua haijanyesha.

Kuanzia hapo adui ni nyasi, hasa nyasi za ukoka na magugu ya msimu wa baridi. Mche wa Desemba ni mdogo kama kifungo cha shati. Jani moja pana likiulalia umekwisha. Palilia kwa mkono. Usitie mbolea, utalisha nyasi.

Juni yakianza kuchanua, usikate. Nasema hili kwa uchungu: mmea mwingi ni wa kufa baada ya mbegu, hauna kiazi wala shina la chini la kurudisha. Shada moja la porini ni vidonge vya mbegu (yale matunda makavu yanayobaki ua likiisha) vilivyopotea, na ukitoa mwaka hadi mwaka mahali panakwisha. Mbuga zenyewe zimebaki vipande. Ile ya udongo mweusi iliyopita hapo Dallas haijabaki hata asilimia 1 ikiwa nzima. Ukitaka la mezani, nunua lililolimwa.

Ngoja mpaka vidonge viwe kahawia na vipasuke juu, Agosti au Septemba. Tikisa nusu kwenye bahasha ya karatasi, nusu iache idondoke. Fyeka baada ya hapo tu.

Dada_wa_Dallas

Asante sana kaka. Na zile za kwenye bahasha, nizihifadhi wapi hadi Oktoba?

MtunzaTrei

Nijibu hilo, na linawahusu pia wenye mbegu za vidonge vya kununua zilizobaki kwenye pakiti. Zikauke kivulini siku kadhaa, zipepetwe zibaki bila makapi. Kisha chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, ndani weka kifuko cha kunyonya unyevu, friji ya kawaida, nyuzi 5, siyo jokofu la barafu. Ukiitoa, iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo umande unaingia ndani na vidonge vinaanza kupasuka humo humo.